Kisima chenye hakuna mutu anakunywa



Mwaka nilikuwa namaliza lisanse ya agronomia, asista mumoja alituomba watatu tuende naye kuchukua maji mu kijiji cha pembeni ya mugodi, mbali kidogo na Lubumbashi. Jina ya kijiji sitataja, na ya kampuni vile vile. Tulikuta pale matiyo mawili ya plastiki yametoka mu udongo, yamefunikwa na kifuniko cha chuma. Wanakijiji walikuwa wanayapita kila siku wakienda kuteka maji kwenye kisima chao cha kweli. Mama mumoja alisimama na bido yake kwa kichwa, akatuuliza:

– Bainjeniere, hii tiyo ni ya nini? Sijaonaka hata mutu moja anateka hapa.

Nilimujibu kwa kiburi kidogo ya mutu wa université:

– Mama, hii haiko kisima ya kunywa. Hii ni ya kuuliza maji kama iko na sumu.

Akatikisa kichwa. Akasema:

– Basi uliza mbio, mwanangu. Maji yetu iko muzuri ao iko mubaya?

Nikamwambia tungoje laboratwari. Tuliteremusha chupa ndogo kwa kamba mupaka ikagonga chini. Tukavuta. Maji ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Tukaimwanga vile vile mu chupa zenye zilikuwa na asidi ndani, sababu kitabu ilisema maji ya kupimia metali inatiwa asidi. Tukaandika etiketi, tukarudi muji na furaha.

Kisha miezi miwili matokeo yakafika: shaba juu, kobalti juu, feri juu sana, aluminiamu juu sana. Haya ya kusema: tulifurahi. Tuliona tumekamata mwizi. Ripoti ikapelekwa mu mukutano kati ya wanakijiji na kampuni. Mujuzi wa kampuni hakupandisha sauti. Aliuliza maswali matatu tu. Mbele ya kujaza chupa, mulitoa kwanza maji ya zamani mu tiyo? Mbele ya kutia asidi, muliichuja? Na chupa ya ushahidi, ile ya maji safi yenye ilisafiri pamoja na zingine, iko wapi? Hatukukuwa na jibu hata moja. Ripoti ikafungwa, mukutano ukaisha, na wanakijiji wakarudi na swali yao vile walikuja nayo.

Kwa muda mrefu nilimukasirikia yule mujuzi. Leo najua maswali yake yalikuwa ya kweli, na kila moja iko na historia yake. Njo historia hii nataka kuwaeleza. Ni ya kisima chenye hakuna mutu anakunywa, na ya watu wenye walilipa bei kali mbele dunia ijue namna ya kukitumia.

Macho hayapimi maji

Tuanzie London, mwaka 1854. Kolera inaua watu mu mutaa wa Soho. Muganga John Snow anawaza kwamba ugonjwa unatembea ndani ya maji, wakati wakubwa wengi wa sayansi wanasema unatembea ndani ya hewa yenye kunuka. Snow anaenda kuchukua maji ya pompi ya Broad Street, anaiangalia. Anakuta nini? Karibu hakuna. Maji inaonekana safi. Wakati ule hakukuwa chombo cha kumuonyesha wazi mikrobe ya kolera katika ile chupa.

Kwa hiyo alitumia ushahidi mwingine: wafu. Alihesabu nani alikufa, aliishi wapi, alikunywa maji ya wapi. Tarehe 8/9/1854 mukono wa pompi ukatolewa. Watu wengi wanasifu hadisi hii, na ni haki. Lakini angalieni upande wake wa uchungu: kisima kilisema kwa njia ya maiti. Kwanza watu walikufa, kisha maji ikahukumiwa.

Zaidi ya miaka mia moja kisha pale, inchi nyingi ziliendelea vile. Maji ya chini ya udongo ilikuwa inahesabiwa safi kwa sababu udongo unachuja. Na ni kweli, udongo unachuja mikrobe nyingi. Sisi waagronomu tunalijua hilo. Lakini kile kinayeyuka ndani ya maji, udongo hauwezi kila mara kukikamata. Chumvi inapita. Nitrati inapita. Na mafuta ya kusafishia chuma mu mashini inapita pia.

Woburn: mama mwenye alihesabu watoto

Woburn ni muji mudogo karibu na Boston, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Muji ulichimba visima viwili karibu na muto Aberjona: kisima G mwaka 1964, kisima H mwaka 1967. Watu wa upande wa mashariki ya muji wakaanza kulalamika: maji inanuka, iko na ladha mubaya. Mu miaka ya 1970 mama mumoja, mwenye mutoto wake alikuwa na kanseri ya damu, akaanza kuhesabu watoto wengine wenye ugonjwa ule ule mu mutaa wake. Aliona hesabu ni kubwa kupita kiasi. Akauliza kama haiko maji. Wakubwa wakamwambia maji inapimwa, hakuna tatizo.

Hawakuwa wanadanganya kabisa. Maji ilikuwa inapimwa, lakini vipimo vya kawaida vya wakati ule vilikuwa vinatafuta zaidi mikrobe. Ukipima kitu kimoja, hauwezi kusema hakuna kitu kingine. Somo hilo tuliweke kando, tutalikuta tena.

Mwaka 1979 watu wakakuta madramu 184 yametupwa karibu na muto. Serikali ya jimbo ikaogopa, ikapima visima G na H kwa ajili ya kemikali za viwanda. Mu kisima G wakakuta trikloroetileni, dawa ya kutoa mafuta kwa chuma, mikrogramu 267 kwa litre. Kisha miaka kadhaa Marekani ikaweka mupaka kwa maji ya kunywa: mikrogramu 5. Visima vikafungwa mwezi wa 5, mwaka 1979.

Munaona mutego? Watu wote waliwaza ni madramu. Kumbe haikuwa ile. Vitu vilivyokuwa ndani ya madramu havikulingana na vile vilikuwa mu visima. Sumu ilitoka mu viwanja vya viwanda vya jirani, ikashuka polepole chini, ikafuata maji mupaka kwenye pompi. Ili kujua hayo ikabidi watobowe visima vingine vingi, vidogo, kati ya viwanda na visima vya muji. Visima vya kunywa havikutosha. Kisima cha kunywa kinakuambia tu kwamba mwizi ameingia ndani ya nyumba. Visima vya kupimia vinakuonyesha nyayo zake, na nyumba alitokea.

Familia zikafungulia makampuni kesi. Mwisho wa 1985, kuanzia tarehe 4/12, wajuzi wa jeolojia wa serikali ya Marekani wakawasha tena pompi za G na H kwa siku 30, si juu ya kunywa, ila kuangalia maji inashuka namna gani mu visima vya kupimia. Ikaonekana pompi zinavuta maji toka pande mbili za muto. Mwaka 1986 kesi ikasikilizwa. Waamuzi wa watu wakaombwa kutaja mwezi na mwaka wenye sumu ilifika kwenye visima. Lakini kati ya 1964 na 1979 hakuna mutu alichukua chupa hata moja ya kutafuta ile sumu. Maji ya wakati ule ilikuwa imekwisha kupita. Wajuzi wa pande mbili wakabaki kupigana kwa hesabu na makarte. Kampuni moja ikaachiliwa, moja ikapatikana na kosa, jaji akaomba kesi irudiliwe, na mwisho kampuni ile ikapatana na familia kwa dola milioni 8.

Mimi nikisoma ile kesi, sikusimama kwa feza. Nilisimama kwa tarehe. Wazazi wale walikosa kitu kimoja chenye bei ndogo sana: chupa moja ya maji ya mwaka 1966, yenye etiketi. Hakuna jaji, hakuna profesa anaweza kurudi nyuma kuichukua.

Kisima kimoja juu, vitatu chini

Wakati Woburn inaendelea, Marekani ilikuwa tayari na sheria ya takataka za viwanda, ya 1976. Mwezi wa 5 mwaka 1980, kanuni za sheria hiyo zikaeleza wazi: mwenye kuweka takataka za hatari mu udongo lazima awe na visima vya kupimia, isipunguke kimoja upande wenye maji inatokea, na isipunguke vitatu upande wenye maji inaenda.

Hesabu hii ya 1 na 3 inaonekana kama karatasi ya biro, lakini ndani yake kuko akili. Kile kisima cha juu njo shahidi: kinasema maji ilikuwa namna gani mbele ya kupita chini ya kiwanda. Bila yeye, kampuni itasema, "ile shaba ni ya asili, iko mu mawe tangu Mungu aumbe dunia." Na kwetu Katanga, jibu hilo linaweza kuwa kweli! Udongo wetu uko na shaba na kobalti mbele hata muzungu wa kwanza afike. Kisima cha juu njo kinatenganisha kazi ya mawe na kazi ya watu.

Vile vitatu vya chini viko sababu sumu haisambae kama mafuriko. Inatembea kama moshi wa kiko: mukia murefu, mwembamba. Kisima kimoja kinaweza kuukosa kwa metre chache tu. Tena, ili kujua maji ya chini inaenda upande gani, unahitaji kupima urefu wa maji mu visima vitatu vyenye havisimame mu mustari mumoja. Pointi mbili haziwezi kukuonyesha muteremuko. Sisi kwenye kijiji tulikuwa na matiyo mawili.

Bangladesh: mamilioni ya visima, swali moja lilisahauliwa

Sasa twende Bangladesh, hadisi ya uchungu kuliko zote. Kule watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara juu ya maji ya mabwawa na mito. Kuanzia miaka ya 1970 serikali pamoja na UNICEF walisaidia kueneza visima vya tiyo na pompi ya mukono. Watu wenyewe wakapenda, wakachimba vingine kwa feza yao, vikafika mamilioni. Ilionekana ushindi. Kwa mikrobe, ilikuwa ushindi kweli.

Lakini mwaka 1983, mu Calcutta, upande wa India, daktari wa ngozi K. C. Saha aliona wagonjwa wenye madoadoa mu ngozi na mikono migumu, akatambua ni arseniki. Maji yao ilitoka mu visima vya tiyo. Kwa Bangladesh, arseniki ikahakikishwa mu maji ya visima mwaka 1993. Katikati, mwaka 1992, wajuzi wa jeolojia wa Uingereza walikuwa wamepima maji ya visima mule Bangladesh, wakatafuta vitu vingi, lakini arseniki haikukuwa kwa liste yao. Wagonjwa walifungua kesi London. Mwaka 2006 mahakama ya juu ya Uingereza, House of Lords, ikasema wajuzi wale hawakuwa na deni la kisheria kwa wale wagonjwa.

Kisheria, inaweza kueleweka. Lakini mama wa kijiji akiona watu wamekuja na chupa, na karatasi imerudi bila neno "hatari", yeye atafahamu nini? Atafahamu: kunywa. Muone, ni Woburn tena: kupima kitu kimoja, watu wanasikia "yote iko muzuri".

Uchunguzi mukubwa wenye ulitoka 2001 ulichukua maji mu visima 3.534, karibu inchi yote. Kati ya visima vyenye havikufika metre 150, asilimia 27 vilipita mikrogramu 50 kwa litre, mupaka wa Bangladesh. Asilimia 46 vilipita 10, mupaka wenye OMS ilipendekeza tangu 1993. Kisha karibu visima milioni 5 vikapimwa kijiji kwa kijiji na vifaa vidogo vya mukono. Pompi mubaya ikapakwa rangi nyekundu, muzuri rangi ya majani. Mama mwenye hajasoma anajua mara moja kile asinywe. Hiyo njo matokeo ya laboratwari yenye imefika kweli mpaka kwa mwenye bido.

Na ile arseniki hakuna kiwanda kiliitia. Ilikuja na udongo wenye mito ililetea toka milima ya Himalaya, imeshikamana na kutu ya feri. Chini, penye hewa imeisha, kutu inayeyuka na arseniki inatoka nayo. Waagronomu, muliona kitu hiki mu shamba la muchele lenye kuzama maji: ni shimi ile ile.

Hapa tunafika kwenye chupa yenyewe. Ukivuta maji kama hayo na kuyaacha mu hewa bila kuyachuja na kutia asidi mbio, feri inageuka tena kutu, inashuka chini ya chupa, na arseniki inashuka nayo. Laboratwari itapima maji ya juu na kuandika: kidogo. Wewe utaambia kijiji: kunyweni. Kumbe sumu imelala chini ya chupa yako.

Kosa letu lilikuwa lile ya upande mwingine. Sisi tulichukua matope pamoja na maji, tukatia asidi. Asidi ikayeyusha metali yenye ilikuwa imeshikamana na udongo, na laboratwari ikahesabu yote kama iko mu maji. Feri na aluminiamu kuwa juu sana pamoja, ile ilikuwa alama ya matope. Laboratwari haikudanganya. Ilipima vizuri kitu kibaya chenye tuliipelekea.

Pompi ya polepole

Swali ya kwanza ya yule mujuzi ilikuwa: mulitoa maji ya zamani? Maji yenye kusimama mu tiyo imekutana na hewa na plastiki, haiko tena maji ya mu mawe. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa: toa maji mara tatu mupaka mara tano ya ile iko ndani ya tiyo, kisha ujaze chupa. Tufanye hesabu. Tiyo ya santimetre 5, yenye maji metre 10 ndani, inabeba karibu litre 20. Mara tatu ni litre 60, mara tano ni litre 100. Kwa kamba na chupa, ni asubui nzima ya kuvuta. Na shida ingine: ukivuta kwa nguvu na kugongagonga chini, unaamusha matope yenye haikukuwa inatembea na maji.

Mu miaka ya 1980 na 1990 wajuzi wakaanza kuona kwamba kosa kubwa linazaliwa pale kwenye kisima, mbele chupa ifike kwenye mashini ya bei kali. Mwaka 1996 Robert Puls na Michael Barcelona wakaandika, kwa ajili ya shirika la mazingira la Marekani, namna ingine: vuta polepole. Kati ya desilitre 1 na 5 kwa dakika moja, pompi ikae katikati ya sehemu yenye maji inaingilia, na maji mu tiyo isishuke, kama inawezekana, kupita santimetre 10. Wakati inatoka, unapima kila dakika tatu ao tano: pH, konduktivite, oksijeni, na uchafu wa maji. Kama vipimo vitatu vyenye kufuatana vimesimama, pH haibadilike kupita 0,1, konduktivite haipite asilimia 3, hapo njo maji ya mawe imefika. Hapo njo unajaza.

Mimi napenda kanuni hii kwa sababu haikuamuru saa ao litre. Inakuamuru usikilize maji mupaka inyamaze.

Chupa ya ushahidi, swali ya tatu, ni rahisi zaidi. Unabeba maji safi ya laboratwari, unaimwanga mu chupa kule kule kwenye kisima, na asidi ile ile, ganti zile zile. Ikirudi na shaba, ujue shaba ilitoka kwako: kwa mavumbi, kwa chupa, kwa mikono. Mu Katanga, kwenye barabara za malori ya mugodi mavumbi yenyewe iko na metali, kukosa ile chupa ni kujitengenezea kesi ya kushindwa.

Na kwetu?

Elisabethville ilizaliwa 1910, na fuko la kuyeyusha shaba la Union Minière likaanza kazi 1911. Kwa miaka mingi moshi ulishuka juu ya mutaa. Wenye wamesoma kwetu wanajua Penga Penga, upande wenye upepo ulikuwa unapeleka ule moshi: udongo ulibaki mutupu, na fakulte ya agronomia ilijaribu kuufunika tena kwa majani Microchloa kunthii yenye kuvumilia shaba. Mwaka 2009 wachunguzi wa Unilu na wa Leuven walitoa matokeo juu ya mikojo ya watu wenye kuishi karibu na migodi na mafuko ya Katanga: kobalti ilikuwa ya juu sana kwa watu wasiofanya kazi ya mugodi.

Angalieni tena mupango: udongo ulisema kwa kukauka, watu walisema kwa mikojo yao. Kama Soho. Kama Woburn. Mwili wa mutu njo ulikuwa kisima cha kupimia.

Sheria hatukosi. Tuko na Kode ya migodi ya 2002, iliyobadilishwa 2018. Tuko na sheria ya mazingira ya 2011. Tuko na sheria ya maji ya tarehe 31/12/2015. Lakini sheria haichote maji. Lazima mutu aende na pompi, na termometre, na fishi, arudie kisima kile kile musimu wa mvua na musimu wa jua, miaka kumi. Kazi hiyo haipigwe picha, na haitoe mukubwa wa kukata kamba.

Mutu atasema: ni kazi ya wanajeolojia na watu wa shimi. Hapana. Nani anamwangilia lengalenga na matembele kwa maji ya kisima kifupi pembeni ya muji? Nani ataulizwa kama ile mboga inalika? Ni sisi.

Kwa wale wenye wataenda kwa staji ao TFC mwaka huu, nawaachia maneno machache yenye nilinunua kwa haya.

Kama mugodi haujaanza, enda sasa. Maji ya mbele ya mugodi haitarudi. Chupa ya leo njo shahidi wa mwaka 2045.

Anza na kisima chenye unawaza ni safi, maliza na kile unawaza ni kichafu, usipeleke sumu kwa mikono yako.

Pima urefu wa maji mbele ya kuvuta. Vuta polepole. Andika kila kitu hapo hapo: saa, rangi, harufu, mvua ya jana, nani alishika chupa na alimupa nani.

Kwa metali zenye zimeyeyuka: chuja kwanza, asidi kisha. Chupa ya ushahidi, kila safari. Ile ingine ya maji ile ile mara mbili, uone kama laboratwari inakujibu sawa.

Sema kile umepima, na sema vile vile kile haukupima. Usiache mutu asikie "yote iko muzuri" kama ulitafuta metali nne tu.

Na rudisha jibu. Hata kama ni kipande cha karatasi kwa chifu, hata kama ni rangi nyekundu kwa pompi.

Mwaka uliopita nilirudi mu kile kijiji, na pompi ndogo ya kuazima. Tiyo moja ilikuwa imevunjika, gari ilipita juu. Kwa ile ingine nilivuta saa moja na nusu, mupaka vipimo vikasimama na maji ikatoka nyeupe. Chupa tatu, na ya ushahidi. Yule mama hakukuwa pale, alikuwa shambani. Binti yake alikaa kwa jiwe akiniangalia, akaniuliza kwa nini namwanga maji mingi vile chini mbele ya kujaza kachupa kadogo.

Nikamwambia: hii ya kwanza haijajua kusema kweli. Nangoja ile ya nyuma.

Jibu moja haitoshe, na tiyo moja haitoshe kusema sumu inatoka wapi. Nilimwambia hayo pia, mbele ya kupanda moto. Lakini nambari zile nilizirudisha mimi mwenyewe, kwa mukono, zimeandikwa kwa Kiswahili: hiki nilipima, hiki sikupima, nitarudi musimu wa mvua. Mama alizifunga mu kitambaa pamoja na karatasi zake za mutoto. Musimu wa mvua umefika. Nataka wawili wa kunisindikiza.